Kengele ya Malkia

"Hizo filimbi zote ni za nini?"

Mgeni alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa, koti lake la mvua likichuruzika maji. Hakuna aliyemsikia akiingia, maana Nelson alikuwa akijaribu filimbi, akiipuliza mpaka mishipa ya shingo imemtoka.

"Za ulinzi, kaka," Winfrida akajibu kwa fahari. "Karibu."

Ulinzi wenyewe, wa fainali ya mpira ya kesho, ulikuwa wa kujitolea. Winfrida alikuwa mchuma chai. Weusi wa majani ulimganda vidoleni, hata sabuni haikuutoa. Lakini wiki hiyo nzima mikono ilikuwa kwenye chai na kichwa kiko uwanjani: nani akae getini, nani akae ukingo wa juu. Mwaka jana kamba ya ukingo ilikatika, watu wakaporomoka hadi uwanjani, mama mmoja akavunjika mguu. Viongozi wa kata walishasema: vurugu nyingine, fainali inahamia mjini na kijiji chao, Lufingo, hakiioni tena.

Basi alijipanga. Juu ya madawati kulikuwa na makoti ya kung'aa waliyoazima kwa bodaboda, kamba mpya, sanduku la huduma ya kwanza. Simu hawakuzitegemea; uwanja uko bondeni, na watu wakijaa mtandao unakata. Ndiyo maana filimbi.

Mgeni akatoa ya kwake mfukoni, akailaza kando ya zile nyingine. Zilifanana kabisa.

"Naitwa Rajabu, natoka Makandana. Mimi ndiye refa wa kesho, nimekuja kukagua uwanja." Akamtazama Winfrida. "Sasa dada, mkipuliza nyie, wachezaji watajuaje kama si mimi?"

Nelson akaangua kicheko. "Jamani! Kesho kadi nyekundu ya kwanza ingekuwa ya mlinzi!"

Wakacheka mpaka Rajabu naye akavutwa, akakaa. Ni yeye aliyesema, "Tafuteni kitu kinacholia tofauti."

"Kengele!" Winfrida akaruka. Ya shule ingekaa getini. Ya ukingo wa juu, kule kwenye hatari, alijua pa kuipata.

Mzee Ambindwile aliishi juu ya uwanja, na macho yake yalikuwa yamebakiwa na mwanga kidogo tu. Alisikiliza ombi huku akipapasa kengele shingoni mwa ng'ombe wake, Malkia.

"Ukungu ukishuka, mwanangu, hata huo mwanga mdogo sina. Malkia anatangulia nyumbani, mimi nafuata kengele."

"Nitairudisha kabla ukungu haujakufikia, tata, baba yangu. Mimi mwenyewe."

"Siyo hao wenzako wa nakuja-nakuja?"

"Mimi mwenyewe."

Akaifungua.

Jumapili, ibada zilipokwisha, bonde lilifurika. Lufingo na Nkunga! Vuvuzela, vigelegele, mahindi ya kuchoma, na golini kwa Lufingo yuko Hezron, mdogo wake Winfrida, amevaa glavu alizomnunulia yeye. Moyo ulimdunda kama yeye ndiye anayecheza.

Kipindi cha pili Nkunga wakafunga. Ukingo wa juu ukasukumana, kamba ikakaza, watoto wa mbele wakaanza kulia. Winfrida akaitikisa kengele kwa nguvu zake zote. Getini kengele ya shule ikaitikia, na vijana wa makoti ya kung'aa wakapanda mbio, wakafungua njia ya pembeni, wakawashusha watu taratibu. Rajabu hakugeuza hata shingo. Mpira uliendelea, na Lufingo wakasawazisha.

"Tumeweza!" Nelson akapiga kelele, jasho tupu. "Wini, tumeweza!"

Filimbi ya mwisho. Penalti.

Winfrida akainua macho. Ukungu ulikuwa umeshaingia kwenye migomba ya juu.

"Shika ukingo, Nelson. Naipeleka kengele."

"Una wazimu? Hezron yuko golini! Zipigwe hizi, tupande wote."

"Nilisema kabla ya ukungu."

"Mzee mwenyewe hana hata saa!"

"Ukungu anao."

Kule golini Hezron aligeuka kumtafuta. Winfrida akampungia mkono, kisha akajaza nyasi ndani ya kengele isilie na kuwashtua vijana, akaanza kupanda. Njia iliteleza. Nyuma yake kelele ikapasuka. Ukungu uliimeza nusu, hakujua kama ni ya Lufingo au ya Nkunga. Mguu mmoja ukasita. Akaupandisha.

Mzee alikuwa chini ya mparachichi, mkono juu ya mgongo wa Malkia.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, tata."

"Mpira umekwisha?"

"Bado kidogo."

Mzee akageuza sikio bondeni. "Na Hezron?"

"Yuko golini."

"Ndaga, mwanangu," akashukuru polepole. "Ndaga fijo."

Winfrida akachomoa nyasi, akaifunga kengele. Malkia akatikisa kichwa. Bondeni sauti nyingine ikalipuka, kubwa kuliko ya kwanza, ikaendelea, ikaendelea. Kengele ikaanza kwenda ndani ya weupe, mzee akaifuata, na Winfrida, ambaye sasa hakuona hata vidole vyake vyeusi, akamfuata mzee.