Pikipiki ya Zablon

Restuta aliijua kwa kiti.

Nyingine zote zilizopangwa uwanjani ziling'aa kama vyombo vya harusi, zimezungushiwa kamba watu wasiguse, naye alizipita ameshikwa mkono na mjukuu wake Devota, akiitikia tu ehee, ehee, hizi nazikumbuka. Redio ilitangaza kwamba pikipiki za mashindano za zamani zitakusanywa Dodoma, zizunguke tena vumbini kama enzi zile. Enzi zile Restuta alikuwa mke wa dereva, ndiyo maana alitoka Buigiri alfajiri bila hata chai.

Ile nyekundu ilikuwa ya mwisho. Ngozi ya kiti chake iliwahi kupasuka ikashonwa kwa mshono wa kibuyu, ule wa kuvuka na kurudi, aliofundishwa na mama yake kuzibia vibuyu vya maziwa. Mshono huo aliushona yeye, siku mumewe Zablon aliporudi toka Kondoa na kikombe cha ubingwa mkononi na kiti kimechanika.

Miaka arobaini alijua chuma hiki kimeozea korongoni.

Zablon alikufa nacho, njia ya Kolo. Matanga hayajaanuliwa, Ernest, mdogo wake marehemu, akasema mbele ya wazee kwamba chuma kilichomwaga damu hakilali kaya moja na mjane. Na mjane ambaye kichwa chake kilichonyolewa msibani hakijaota nywele habishani na ukwe. Restuta akaisukuma mwenyewe mpaka barabarani, akamkabidhi Ernest akaitupe korongoni. Akarudi ndani akimshukuru Mungu kwa kumpa shemeji anayejali.

Mwenye pikipiki, Abdulnasiri, mfanyabiashara wa mjini, alimwamkia shikamoo, akamweleza kwa adabu kwamba ameinunua kwa bingwa mwenyewe aliyeshinda nayo. Aliikuta ghalani kwa bingwa huyo, chini ya magunia ya mtama. Kila kitu amekipaka rangi upya ila kiti, mshono ulimpendeza. Na bingwa mwenyewe yupo, ndiye mgeni wa heshima. Akaonyesha kwenye turubai. Pale, katika kiti cha sofa, na koti la ngozi katika joto lile, alikaa Ernest.

"Babu Ernest?" Devota akanong'ona. "Si hata baiskeli inamshinda?"

Restuta akaenda. Ernest alipomwona akawahi utani, kama ilivyo kwa mashemeji, akawaambia waliokaa naye kwamba mke wake mkubwa amekuja kumshangilia. Wakacheka. Restuta hakucheka. Akamwambia, polepole, asisikie mwingine, kwamba pikipiki hataki, wala hatauliza ilifikaje ghalani. Anataka jambo moja tu: kipaza sauti kitaje jina la Zablon.

Ernest akatazama viatu vyake.

"Shemeji," akasema, "asiyekuwepo na lake halipo. Watu wamekuja kumwona aliye hai."

Papo hapo kipaza sauti kikamwita bingwa akaiwashe. Ernest akapanda, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena, na tena, mpaka jasho likamshuka chini ya koti. Watu wakaanza kuguna. Kijana mmoja akamshauri mzee aiombee kwanza. Abdulnasiri alikunja uso, akamtazama bingwa wake kama mtu anayetazama sarafu aliyoanza kuishuku.

Restuta aliyaona yote hayo. Alikuwa na haja ya kukaa kimya tu. Dakika moja zaidi, na uwanja mzima ungejua kwamba mtu huyu hajawahi kuipanda.

Lakini ikakohoa. Kile kikohozi kikavu cha asubuhi, alichokuwa akikisikia akiwa jikoni anakoroga uji, akajua mumewe anaondoka. Moyo ukamsaliti. Akajiambia aisikie mara moja tu, mara moja kabla hajafa.

Akainama akapita chini ya kamba. Akabonyeza kile kitufe kidogo cha kabureta, akakishikilia mpaka petroli ikachuruzika vidoleni, kama alivyokuwa akifanya Zablon.

"Usivute mafuta," akamwambia Ernest bila kumtazama. "Piga sasa."

Ikanguruma. Sauti ni ileile, haikuzeeka hata kidogo. Uwanja ukasimama, makofi, vigelegele, na kipaza sauti kikapayuka jina la Ernest, bingwa wa Kondoa, mikono ambayo haijasahau.

"Ni ya Zablon," Restuta akasema. Hakuna aliyegeuka. Akaweka viganja mdomoni, akapaza kwa nguvu zote za kifua chake. Devota, hatua mbili tu kutoka pale, aliona midomo ya bibi yake ikitikisika, basi.

Ernest alisikia. Alikuwa karibu yake kuliko wote. Restuta akavuta pumzi aseme tena. Ernest akapiga resi, mngurumo ukaimeza sauti yake. Restuta akanyamaza, naye Ernest akaiacha injini ikatulia. Restuta akafumbua kinywa, na Ernest, akimtazama usoni, akapiga resi.