Waya Unaopita Chini ya Mlango

Fundi alimenya waya wa simu yetu kwa meno. Aliuma ganda, akarudisha kichwa nyuma kama mtu anayekula muwa, akatema kipande cha plastiki kwenye sakafu niliyoipiga deki asubuhi ile. Halafu akajifuta mate kwa mto wa kiti. Nilitamani kumtoa nje yeye na mto wake.

"Laini yenu imechoka, dada," alisema.

"Imechoshwa na nini? Kazi yenyewe haifanyi."

Mtaani wanamwita Fundi Kesho, nami nilimwita kwa kuwa hakuna fundi mwingine aliyekubali kupanda ngazi zetu siku ya Jumamosi. Alizima modemu, kile kisanduku kinachopitisha intaneti kwenye laini ya simu, akaiwasha, akaipiga kofi la mgongoni. Ikaanza kulia kama kawaida yake: mluzi, mikwaruzo, kisha mlio wa mtu anayekohoa kohozi na hataki kulitema. Nilikuwa nimeusikia mlio huo tangu jana, na sasa chai ilikuwa inanirudi kooni kila ukianza.

Mama alikaa mbele ya kompyuta, mguu mbovu ameunyoosha juu ya stuli, miwani ameshaivaa kabisa. Jumatatu alikuwa anakwenda kupasuliwa nyonga. Dada yake mkubwa aliingia chumba cha upasuaji kwa jambo hilohilo na hakuamka, na tangu apewe tarehe, Mama alikuwa na neno moja tu.

"Sitaki kulala usingizi wa daktari kabla sijamwona mjukuu wangu."

Mjukuu mwenyewe alikuwa njiani, ndani ya waya. Dada yangu, anayeishi mbali, alikuwa ametuma picha ya mwanawe kwa barua pepe. Nilikwenda kuichapisha kwenye duka la intaneti nikarudi na karatasi yenye doa kubwa jeusi. Mama aliigeuza huku na huku, akauliza kichwa kiko wapi. Ikabaki kompyuta ya nyumbani, niliyoachiwa na wakili ninayempigia chapa alipoletewa mpya, na laini ya simu ambayo picha ilikuwa inapita kwa taabu, ukanda mmoja mmoja, kuanzia juu. Kwanza pazia. Halafu ukuta. Halafu nywele. Hapo Mama hupaza sauti, "Anakuja! Anakuja huyo!" na hapohapo laini inakatika, tunarudi kwenye pazia. Lile pazia nilikuwa nimeshalichukia kama mtu.

"Kuna simu nyingine humu ndani?" Fundi Kesho aliuliza, huku anachokonoa sikio kwa bisibisi. Bisibisi ileile aliyoitumia kwenye modemu yangu.

Kabla sijajibu, Baba alijibu kutoka mlangoni. "Ya chumbani kwangu ilikufa zamani. Na wewe, toa hicho kitu sikioni. Usiguse chochote mpaka unawe mikono."

Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilikubaliana naye.

Baba alikuwa mkaguzi wa nyama na mikahawa kabla hajastaafu. Watu walimwita Bwana Afya, na Mama naye humwita hivyohivyo mpaka leo. Aliwahi kufunga mkahawa mzima kwa mende mmoja. Nyumbani tulikua chini ya neno moja la kazini kwake: uchafu. Kucha ndefu, uchafu. Kucheka chakula kikiwa mdomoni, uchafu. Dada alipotaka kuolewa na mwenye bucha, tena bucha ambayo Baba ndiye aliyeifunga kwa mkono wake, Baba alisimama hapo sebuleni mbele ya wageni, dada ameshika begi lake, akasema, "Yule mwanamume ni uchafu, na anayemfuata naye ni uchafu. Sitaki kuuona tena humu ndani." Hakusema kumuona. Alisema kuuona, kama anazungumzia takataka.

Siku ileile akatia kufuli dogo kwenye simu ya sebuleni, lile la kuzuia duara la namba lisizunguke, na ufunguo akauweka mfuko wa shati. Dada akipiga, Baba anapokea, anasikia ni nani, anakata. Mama alimeza maneno yake. Mimi nami nilimeza, na sijapata kuonja kitu kibaya kuliko kile. Modemu pekee ndiyo haikujali kufuli, maana inapiga namba yenyewe. Ndiyo sababu niliipenda, pamoja na makohozi yake.

Fundi Kesho alikusanya vyombo vyake. "Nitapita kesho na waya mpya," alisema, akajishikiza kwenye kompyuta ili ainuke, akaacha alama ya kidole chenye grisi katikati ya skrini.

Alipotoka nilifungua madirisha, nikaamua kuufuata ule waya mwenyewe, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ulianzia nyuma ya kabati la vyombo. Nyumba yetu mbele inang'aa; Baba hupitisha kidole juu ya kabati kila Ijumaa. Nyuma hakuna aliyewahi kupitisha kitu. Nilivuta kabati, harufu ikanipiga usoni, ya vumbi lililolowana na mafuta ya jikoni yaliyoganda tangu enzi za utoto wetu. Nilifungua soketi. Ndani kulikuwa na mende wakavu wamebanana kama dagaa, na mayai yao yamegandana na nyaya. Mmoja hakuwa mkavu. Alipanda kidole changu, akaingia ndani ya mkono wa blauzi, nami nikapiga kelele za kunitia aibu mpaka leo.

"Umeuona?" Mama aliuliza, akidhani nimepata ubovu.

"Nimewaona, Mama. Ni ukoo mzima."

Nilisugua soketi kwa mswaki wa zamani na spiriti, huku nimeziba pua kwa kitambaa. Kisha nikaufuata waya hadi ukumbini. Pale kona, karibu na mlango wa choo, ulikuwa umeungwa, na kiungo kimefungwa kwa plasta ya kidonda. Kazi ya mikono ya Baba hiyo. Plasta ilikuwa imekuwa kahawia, imelowana, na nilipoibandua ilitoka na unyevu wa kuvutika, mithili ya kidonda kweli. Shaba chini yake imekuwa kijani. Nilikaza meno, nikakwangua, nikasokota upya, nikafunga kwa utepe wa umeme. Mwenye nyumba hii alifunga mikahawa ya watu.

Nikajaribu tena. Ikaenda vizuri kuliko mwanzo. Pazia likapita upesi, ukuta ukapita, nywele zikaja. Mama alikuwa amesinzia, kidevu kifuani, na sikumwamsha kwa sababu nilitaka aamke amkute mtoto mzima. Likaja paji la uso. Tulikuwa hatujawahi kufika kwenye paji. Zikaanza nyusi.

Mama akafumbua macho. "Nyusi! Ana nyusi! Anakuja!"

Laini ikakatika.

Nilikaa nikiitazama skrini. "Mama," nikasema taratibu, "ukinyamaza inakwenda."

"Kwani mashine inanisikia?"

"Kuna kitu kinakusikia."

Nilirudi ukumbini, nikapiga magoti pale kwenye kiungo. Chini yake kulikuwa na tawi jingine la waya nililokuwa nimelipita, limepakwa rangi ya ukuta. Lilishuka, likafuata sakafu, likaingia chini ya mlango wa chumba cha Baba. Tangu nyonga imharibikie, Mama hulala sebuleni, na chumba kile amebaki nacho Baba peke yake. Hataki mtu aingie, hata kufagia. Anasema tunamchanganyia vitu.

Nilijilaza kwa tumbo, shavu sakafuni, macho kwenye ule uwazi chini ya mlango.

"Mama, piga kelele kama zile."

"Sijaona kitu bado."

"Piga tu."

Mama hajui kuigiza. Alikohoa, kisha akaita kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, "Anakuja. Anakuja huyo."

Waya ukasogea. Ulivutwa kwa ndani, taratibu, ukatulia.

Sikubisha hodi.

Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amenipa mgongo. Simu ile iliyokufa zamani ilikuwa mapajani mwake, mkono wa simu sikioni, na sehemu ya kusemea ameizungushia leso ili isimguse mdomo. Aliinua kidole nisizungumze.

"Hazungumzi tena," alinong'ona. Kisha, bila kugeuka, "Mbona tangu jana analia vile? Hawampi maziwa?"

Nilichukua muda kuelewa. Alikuwa anamsikia Mama akisema mtoto anakuja kwenye waya, naye akainua simu amsikilize. Alisikia ule mluzi na mikwaruzo na makohozi, akadhani ni mjukuu wake analia huko mbali. Na kwa kuwa laini ni moja, kila alipoinua kumsikia, alimkata.

"Hiyo ni mashine, Baba. Ndivyo inavyolia. Hakuna mtoto hapo. Wewe ndiye unayetukatia laini."

Aligeuka. Uso ulimshuka, akawa mzee ghafla, na kwa muda mfupi nilidhani atasema jambo la maana.

"Umeingia na viatu," alisema.

Najua mtu mwema angemhurumia. Mimi nilimwonea kinyaa, na sina sababu ya kuficha. Chini ya kitanda chake kulikuwa na vikombe vilivyoota ukungu, soksi, sahani yenye mfupa. Lakini si hivyo vilivyonitia kichefuchefu. Ilikuwa ni ile leso. Miaka yote ile Mama anaitazama simu yenye kufuli kila apitapo, na huyu bwana alikuwa na yake chumbani, nzima, haina kufuli, na leso safi ya kuilinda.

"Ungempigia," nilisema. "Siku yoyote. Hii yako haina kufuli."

"Ningesema nini?"

Nilichomoa simu ukutani, nikazungusha waya wake mkononi, nikatoka nayo kwapani.

Modemu ilipokuwa inalia nilimweleza Mama kila kitu, kwa sauti, maana sikuona wa kumfichia. Alisikiliza huku macho yake yako kwenye skrini.

"Alikuwa anasikiliza?"

"Ndiyo."

"Akadhani ni mtoto."

"Ndiyo, Mama."

Nilidhani atacheka au atalia. Hakufanya hata moja. Aliinua upindo wa gauni lake, akaifuta ile grisi ya Fundi Kesho kwenye skrini, akafuta mpaka pakawa safi, kisha akaweka mikono mapajani akasubiri.

Pazia. Ukuta. Nywele. Paji la uso, nyusi, na safari hii nyusi zikapita. Macho yakaja, makubwa, yanamtazama aliyeshika kamera kwa ubishi. Yakaja masikio, na hayo hayakuhitaji kuulizwa ni ya nani: yamesimama kama vishikio vya sufuria, ya Baba matupu. Pua inatoka kamasi. Mashavu yamepakwa chakula, kidevu kimepakwa chakula, hata nyusi moja, sasa nilivyoangalia vizuri. Mwisho ukaja mkono umeshika kijiko upande usio wake.

"Mtazame alivyojipaka!" Mama alicheka mpaka stuli ikatikisika. Alilia pia, yote kwa pamoja, na kuigusa skrini kwenye lile shavu. "Mtazame huyu! Hana hata haya!"

Niliihifadhi picha upesi kabla jambo jingine halijatokea. Nilipoinua kichwa nikamwona Baba mlangoni. Alikuwa amevua miwani anaifuta kwa ile leso, anafuta na kufuta, na shingo ameinyoosha. Kutoka pale aliposimama hakuweza kuona ila mwanga.

"Amefanana na nani?" aliuliza.

Alivaa miwani, akapiga hatua kuingia. Mama alinyoosha mkono, taratibu, akabonyeza kitufe cha skrini. Ikawa nyeusi.

"Hapa hakuna kitu cha kuona, Bwana Afya," alisema. "Ni uchafu tu."

Sikuwahi kumsikia Mama akisema neno lile. Baba alisimama katikati ya zulia lake safi kama mtu aliyesahau alichofuata.

Mama aliisukuma ile simu ya chumbani hadi ukingo wa meza, upande wa Baba, na waya wake ukiwa bado umezungushwa. "Simu yako hiyo hapo. Nikirudi kutoka hospitali, kama umeshamwomba radhi mama wa mtoto, nitakuwashia."

"Na usiporudi?" Baba aliuliza. Sauti haikumtoka sawasawa.

Mama alikuwa ameshachukua fimbo yake. Aliniegemea begani, akainuka kwa mguu mmoja, akiguna kwa maumivu.

"Mimi nimeshamwona," alisema. "Nisaidie, mwanangu, nikajinyooshe."