Jeneza Lisilokatwa

Hapa kwetu Kalemie, jeneza zuri halishuki kaburini kabla ya kukatwa. Watu wa mbali wakisikia hivyo hukunja uso. Basi wakunje. Mwanamume mmoja wa ukoo huchukua panga, akapasua kifuniko na kuvunja vishikio, ndipo kamba zinashushwa. Si hasira wala uchawi. Kuna vijana wanaofukua makaburi, wanamwacha marehemu kwenye udongo, wanasafisha jeneza na kuliuza tena, na jeneza lililokatwa halina mnunuzi.

Mama Odile alijua hayo kuliko sote, maana ndiye aliyekuwa akiuza majeneza mtaani kwetu Kataki. Marehemu mume wake alimwachia karakana, mashine ya randa, na mafundi wawili waliokuwa wakilewa kwa zamu. Mimi ni jirani yake, tunatenganishwa na ukuta wa matete, na sina sababu ya kumsifu bure: kazi yake ilikuwa nzuri. Mbao ngumu za njia ya Niemba, vanishi inayong'aa, na kitambaa cheupe cha ndani alichokishona mwenyewe. Shida yake ilikuwa wafiwa. Mfiwa wa Kalemie anatoa nusu akilia, nusu nyingine anasema baada ya matanga, na baada ya matanga ukikutana naye anavuka barabara.

Ndipo ikaja ile programu ya simu, ya kampuni fulani ya Kinshasa. Mtu wa mashirika ya misaada akitaka meza, maana meza pia alitengeneza, anagusisha kadi yake ya benki mgongoni mwa simu ya Odile, simu inalia, pesa imeingia. Aliye Ulaya anatumiwa kiungo kwa WhatsApp, anaandika namba za kadi yake huko huko kwenye baridi, na simu inalia vilevile. Odile akaacha kukopesha. Akawalipa mafundi mshahara wa kweli, akachukua lori zima la mbao kwa mkopo, akaanza kuwacheka maseremala wenzake. Tulimwita Mama Karte, yaani mama wa kadi, naye jina alilipenda.

Kisha mwanamke mmoja wa Kanada akamlipia mama yake jeneza. Alikuwa ameondoka hapa akiwa mtoto. Ndugu zake walimtumia video ya mazishi, akaona kifuniko kimepasuka na kishikio kinaning'inia. Hakumuuliza mtu. Alipeleka dai kwenye benki yake kwamba ameuziwa bidhaa mbovu, na kampuni ya Kinshasa ikamwandikia Odile alete ushahidi. Akatuma picha za jeneza likiwa zima karakanani, akaeleza habari za panga kwa Kifaransa chake chote. Wakamjibu kwamba maelezo hayaeleweki. Pesa zikarudi Kanada, na Odile akaonywa kwamba akishindwa na dai lingine moja, akaunti yake itafungwa moja kwa moja. Bila akaunti asingeweza kumlipa mwenye mbao, na mwenye mbao alikuwa ameshaitaja mashine ya randa kuwa ndiyo atakayoichukua.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku hiyo Odile akaweka amri: jeneza lililolipiwa kwa kadi halikatwi. Linapigwa video likishuka zima, aliye ng'ambo anaridhika, na wenye kuogopa wezi wamwage saruji juu. Watu walikubali, kwa sababu aliyelipa ndiye mwenye neno. Saruji walisema wataimwaga kesho, na kesho yetu inajulikana.

Alipokufa Papa Kalala, mzee wa reli aliyestaafu, mtoto wake Clémentine alikuja moja kwa moja kwa Odile. Clémentine anauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni, na hao wawili walikuwa wakiimba kwaya moja. Kaka yake Thierry, aliyeko Ubelgiji, alilipa kabla mchana haujafika. Alichagua jeneza la bei kubwa kuliko yote, maana hakuwa ameonana na baba yake tangu zamani na sasa alitaka kumaliza deni hilo kwa mara moja. Sisemi hivyo kumsema vibaya. Ndivyo tulivyo.

Makaburini, baada ya sala, Emile akasogea na panga. Ni mdogo wake marehemu, na kazi hiyo ilikuwa haki yake. Odile alikuwa tayari ameshika simu akipiga video. Akaiteremsha na kusimama mbele ya jeneza.

"Papa Emile, samahani. Hii ya karte, hatukati."

"Mama, toka. Huyu ni yaya yangu, ndugu yangu mukubwa."

"Ninajua. Lakini Thierry akiona sanduku imepasuka, atalalamika, na mimi njo nimekwisha. Watachukua kila kitu."

"Na wezi wakikuja?"

"Mutamwaga simenti."

"Simenti iko wapi?"

Saruji haikuwepo, na pesa za saruji zilikuwa zimeliwa kwenye wali wa matanga. Emile akamtazama Clémentine, sote tukamtazama. Alikuwa amevimba macho. Najua alitaka panga lipite. Lakini Odile alikuwa rafiki yake, na hakuondoka mbele ya jeneza.

"Baba mudogo, acha," Clémentine akasema. "Tutaleta simenti Juma ya Posho."

Emile akatema mate pembeni na kurudisha panga kwapani. Jeneza likashuka zima, linang'aa, na Odile akalipiga video mpaka udongo ulipolifunika. Jioni Thierry akatuma sauti ya shukrani huku akilia. Odile akanisikilizisha, na nikaona mabega yake yanashuka kwa mara ya kwanza tangu habari za Kanada.

Juma ya Posho, yaani Jumamosi, ikapita bila saruji. Siku chache baadaye, asubuhi, nilikuwa naosha sufuria upande wangu wa matete niliposikia mkokoteni ukiingia kwa Odile. Aliyeusukuma ni Doudou, kijana tunayemfahamu wote, wa kubeba mizigo bandarini. Juu ya mkokoteni kulikuwa na kitu kirefu kimefunikwa turubai.

"Mama, niko na sanduku ya kuuza," alisema. "Watu walinunua mapema, mugonjwa akapona."

Odile akacheka. Kisha akafunua turubai, na hakucheka tena. Nikasimama nione. Vanishi ilikuwa imeoshwa kwa sabuni, lakini ndani ya pembe mlikuwa na udongo mwekundu, na kitambaa cheupe kilikuwa kimenyofolewa chote. Harufu ilifika mpaka kwangu.

"Doudou," Odile akasema polepole, "hii ni kazi yangu."

"Njo maana nimekuja kwako. Wewe unajua bei yake."

"Uliitoa wapi?"

Kijana hakuona hata haya. Nadhani alimchukulia Odile kuwa mwenzake katika biashara. "Mama, tusizungushane. Sanduku za karte hawazikati. Sisi tunaangalia tu nani anapiga video. Ya Papa Kalala si ya kwanza. Zingine zilienda Moba."

Nimeona watu wakipigwa na habari, lakini sijaona mtu akipigwa namna ile. Odile alishika ukingo wa jeneza, akauachia haraka kama umemuunguza. Kila jeneza alilolipiwa tangu ile amri, kila moja alilolikinga na panga, alikuwa amewaandalia hao vijana. Mimi nilimwonea huruma, na papo hapo nilimkasirikia.

"Unanunua ao hapana?" Doudou akauliza.

Angeweza kununua na kunyamaza. Asingejua mtu ila mimi, na mimi nina mdomo lakini ningeombwa ningeufunga. Odile akaanza kuita majirani kwa sauti. Doudou akakimbia, akaacha mkokoteni. Odile akajifunga kitenge vizuri, akaenda sokoni kwa miguu kumwambia Clémentine mwenyewe. Hakumtuma mtu.

Tulipofika makaburini na ukoo wake, tulimkuta Papa Kalala chini, amefukiwa ovyo kwa udongo, shati lake la mazishi halipo. Sitaeleza zaidi. Emile alishuka mwenyewe kaburini, akamvika koti lake na kumfunga kanga ya Clémentine juu. Odile alisimama mbali kidogo, kama mtu asiyealikwa, akasema mafundi wanaleta jeneza jipya, bure, na kwamba walikate hata vipande kumi.

"Hapana, mama," Clémentine akasema. Hakupandisha sauti. "Baba atalala ndani ya mukeka. Mukeka hakuna muntu anaiba."

Walikuwa wanafunga mkeka kwa kamba simu ya Clémentine ilipolia. Alikuwa Thierry. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Mikono ya Clémentine ilikuwa na udongo, akabonyeza sauti ya nje, na sote tukamsikia akiongea kwa uchangamfu, nyuma yake magari yakipita.

"Clémentine, habari ya kwetu? Sikia, rafiki yangu huku, mama yake iko mugonjwa sana pale Kalemie, hawatamuponesha. Nilimuonyesha video ya baba. Anataka numero ya ule mama wa sanduku."

Clémentine akamnyoshea Odile simu. "Ni mushiteri wako. Jibu."

Odile alijua akisema nini atapoteza nini. Angeweza kumpa namba, kumshukuru na kukata. Mimi ningempa, nasema kweli. Yeye aliishika simu kwa mikono miwili.

"Papa Thierry, mimi njo Odile. Muambie rafiki yako, sanduku waikate na panga mbele ya kuzika."

"Wakate? Alipe sanduku, kisha wakate?"

Akamweleza. Wezi wa makaburi, mwanamke wa Kanada, amri yake, panga la Emile alilolizuia kwa mwili wake mwenyewe, Doudou na mkokoteni. Hakujitetea popote.

"Na baba sasa iko ndani ya nini?" Thierry akauliza.

"Ndani ya mukeka."

Simu ikakatika. Emile na vijana wa ukoo wakamshusha mzee, na udongo ulirudishwa bila video.

Dai la Thierry lilifika siku ileile. Mwanamke wa Kanada alikuwa ameandika kwamba bidhaa ni mbovu. Thierry aliandika kwamba bidhaa haikumfikia aliyekusudiwa. Kampuni ikamtaka Odile alete ushahidi kwamba ilimfikia, la sivyo akaunti inafungwa. Nilikuwepo aliponisomea ujumbe huo, tumekaa juu ya mbao ambazo hazijalipwa, na mashine ya randa nyuma yetu. Ushahidi alikuwa nao safari hii, wa aina waliyoitaka hasa: jeneza zima, bila mkwaruzo, linashuka na mzee ndani yake mpaka udongo unalifunika. Akaitazama ile video mbele yangu mpaka mwisho, akazima simu, na hakuituma.