Nakala ya Bitutu

Kila Jumatatu Mokeira alivua koti lake la mvua, akafuta vumbi kwenye teleksi ya ofisi ya mashamba mjini Kisii, akachapa mstari mmoja wa amri: NAKILI FAILI, MARANI KWENDA KISII. Kisha alikwenda kuchemsha chai, maana mashine ile haikuharakishwa na mtu.

Faili zilifika pamoja na vilivyokuwamo. Shamba la pareto lilileta maua yake, la migomba lilileta majani yenye umande, na yote yalileta udongo. Joash mfagiaji aliuzoa akaumwaga nyuma ya ofisi, ambako sukuma wiki yake ilinenepa kushinda ya mtu yeyote.

Taabu ni kwamba mashine hiyo na mwenzake ya Marani, iliyotuma faili, hazikufunzwa kazi moja. Ya Marani, iliyozoeshwa na wazee wa mipaka, iliandika shamba kwa nyumba: mume akiwa na wake wawili, kila mke na upande wake. Ya Kisii ilitaka jina moja kwa shamba moja, basi.

Faili ya marehemu Ogari ilifika wakati wa mvua za mwaka 1969. Shamba lote liliingia kwa jina la Ombati, mwana wa mke mkubwa. Upande wa Bitutu, mke mdogo asiye na mwana, haukuandikwa popote. Bitutu mwenyewe alitokea nyuma ya karatasi, matope miguuni, jembe mkononi, akaketi kwenye benchi la wateja. Alikuwa nakala. Bitutu wa Marani wakati huo alikuwa akipalilia wimbi.

"Mama, karibu chai," Mokeira alimwambia.

"Kwanza niandike."

Mokeira akachapa: ONGEZA NYUMBA YA BITUTU. Mashine ikajibu: HAKUNA MAHALI. Alirudia mpaka vidole vikamuuma, ndipo akamwita Subhash, mwenye duka la taipureta. Subhash alifungua kifuniko, akapuliza vumbi, akafunga.

"Hii hapana haribika," alisema. "Iko tengenezwa hivi. Nafasi ya bibi hakuna."

Mkubwa wa ofisi, Bwana Alfayo, mzee wa kanisa, alimtazama Bitutu kwa huruma ya kweli, akasema serikali haiwezi kubadilisha mashine kwa ajili ya mtu mmoja. Mokeira aliona aibu, ingawa si yeye aliyesema.

Nakala ikabaki pale benchini. Walioingia waliisalimu, na Joash alifagia akiizunguka. Ombati alipopata cheti chake alizungusha seng'enge shamba zima na kung'oa wimbi.

Ndipo Bitutu wa Marani aliposhuka mjini kwa miguu, mikono mitupu, kwa kuwa jembe lake lilibaki ndani ya seng'enge. Alisimama mbele ya mwenzake. Walitazamana kama watu wanaojuana kwa sura tu, wa kukutana sokoni Daraja Mbili.

"Walikuandika?"

"Bado."

"Basi sogea."

Mwenzake akasogea. Mokeira aliwaletea chai. Alikuwa amechoka, amechoka kweli kweli, na ilikuwa Jumatatu. Akachapa mstari wake, safari hii faili kutoka Birongo. Kabla maji hayajachemka tena, Bwana Alfayo alichungulia mlangoni, akaona jinsi nakala za Birongo na akina Bitutu walivyobanana benchini, akatia sahihi oda ya benchi la pili.