Mikia ya Ng'ombe wa Kanyangi

Baba yangu alikuwa na kura mbili na macho yasiyoona. Mimi nilikuwa na macho yangu mawili na sikuwa na kura hata moja. Ndiyo sababu siku ya baraza alinituma mimi.

Ulikuwa mwaka wa 1957, mwaka ambao sisi Wakamba tuliambiwa tuchague mtu wetu kwa kura aende kukaa Legiko, baraza la kutunga sheria kule Nairobi. Lakini si kila mtu alichagua. Serikali ilikuwa imewapima watu kwanza: umesoma hadi wapi, una mali gani, umetumika muda gani. Baba alipewa kura moja kwa ajili ya miaka yake ya usajenti katika Keya, jeshi la Mwingereza, na nyingine kwa sababu alikuwa amekaa mahakamani kama mzee wa kesi. Mimi nilikuwa nimefika darasa la nne tu.

Aliyekuja kuomba kura siku hiyo aliitwa Ndululu wa Kilonzo. Jina hilo ni la kwenye karatasi. Hapa Kanyangi watu walimwita Bwana Mikia.

Nitaeleza. Huyu Ndululu alikuwa mtu wa idara ya mifugo, wale wa kuchanja ng'ombe. Miaka sita kabla ya kura alikuja Kanyangi na sanduku la sindano wakati wa ule ugonjwa wa mapafu. Akachanja ng'ombe kwenye mkia. Baada ya wiki kadhaa mikia ikavimba, ikaoza, ikakatika. Hata mwaka wa kura ulipopita kwenye malisho uliwaona wale ng'ombe wazee waliopona, wakijipigapiga nzi kwa kipande kifupi kama mpini wa panga. Wakati uleule ng'ombe wa Baba walikufa wote, na mimi nikatoka shule kwa sababu karo yangu ilikuwa imesimama kwa miguu minne. Baba alisema ni sindano iliyoleta ugonjwa. Alisema hivyo mwaka ule, akaendelea kusema hivyo mpaka macho yakaingia ukungu.

Mimi ningekaa na jambo hilo kimya, ila lilinifuata mpaka kwenye ndoa. Mulei alitaka kunioa, na mimi nilimtaka. Kwao walileta ng'ombe watatu. Wote watatu hawakuwa na mikia.

Baba aliwapapasa mmoja mmoja mbele ya wageni. Alipofika nyuma akasimama.

"Hii nini?"

"Ni ng'ombe, Mzee Mutiso," akasema baba yake Mulei.

"Nimelea msichana mzima, niletewe nusu ya ng'ombe?"

"Kwani wewe unakamua mkia?"

Wakarudi nao. Wakakaa kwao na ng'ombe wao, na Mulei akawa anapita nyumbani kwetu akijifanya anatafuta mbuzi aliyepotea. Mama akamwambia, "Mwanangu, mbuzi huyo amepotea tangu mavuno. Mchinje basi tupumzike."

Asubuhi ya baraza Baba aliniita uani. Alikuwa amevaa koti lake la jeshi ingawa hakuwa anakwenda popote.

"Muthoki, maneno nitaletewa na wanaume. Watanisimulia mpaka nichoke. Wewe usinisikilizie, niangalizie. Kisha umuulize habari ya mikia. Akijibu, angalia uso wake na mikono yake. Uniletee hivyo ulivyoviona, usitie chumvi."

"Na kama hatanijibu?"

"Basi utakuwa umeona."

Nikaenda. Ilikuwa siku ya soko, na uwanja ulikuwa umejaa watu na mbuzi. Nilikaa penye kibanda cha chai cha Tima, mke wa Jabiri mwenye duka, mahali ambapo mtu anaweza kuona bila kuonekana anaona. Tima ni mtu wa kutoka Mwingi mjini, na ulimi wake haujawahi kulala.

"Umekuja kuangalia mkata mikia?" akaniuliza. "Kaa hapa. Akikuja karibu na mimi nashika mkia wangu."

Ndululu alifika kwa baiskeli, amefunga suruali kwa kamba ya katani isiingie kwenye mnyororo. Nilikuwa nimetarajia mtu mrefu. Alikuwa mfupi, shingo nene, na kofia ya kijeshi iliyong'olewa alama yake, pale mbele pamebaki duara jeusi. Chifu alimpa kiti. Hakukikalia mara moja. Kwanza aliangalia ng'ombe waliofungwa kwenye ua wa mnada, akainama, akamfungua jicho mmoja kwa kidole gumba. Nadhani hakujua kwamba amefanya hivyo. Mwenye ng'ombe akamsukuma mkono.

"Huyu haombi kura kwetu, anaomba kwa ng'ombe wangu!"

Watu wakacheka, naye akacheka, akakumbuka kiti.

Alipoanza kusema alisema polepole, kama mtu anayehesabu mifugo ikipita mlangoni. Alisema kwao ni milimani Nunguni, baba yake alikuwa mlinzi wa usiku wa misheni. Alisoma mpaka darasa la sita, akaandikwa kazi ya kubeba sanduku la dawa la daktari Mzungu wa mifugo, kubeba tu, hata kulifungua hakuruhusiwa. Vita vilipokuja akapelekwa Abisinia kutunza nyumbu wa jeshi. Huko daktari aliugua, sanduku likafunguliwa na yeye, na tangu siku hiyo hakulifunga tena. Miaka mingi. Sasa ameacha kazi, kwa sababu mtu wa serikali hawezi kusimama kuomba kura huku anakula mshahara wa serikali.

"Sasa unataka mshahara mkubwa zaidi!" akapiga kelele mtu mmoja.

"Ukiwa mkubwa zaidi nitanunua baiskeli yenye breki," akajibu. "Nimeteremka mlima wa kutoka Kalamba kwa maombi peke yake."

Hapo nilianza kumsikiliza ingawa nilikuwa nimeambiwa nisisikilize. Alisema soko la ng'ombe halifai kuendeshwa kwa macho ya mnunuzi, kwamba anaangalia tu na kusema bei. Kila mnada uwe na mizani, na mwenye ng'ombe aisome mizani mwenyewe. Alisema karantini ikitangazwa, itangazwe pia inaisha lini, "kwa sababu mimi nimefunga masoko, na wakati mwingine hata mimi sikujua nitayafungua siku gani, nikawa najificha nisiulizwe." Mzee mmoja akauliza habari za amri ya serikali ya kupunguza ng'ombe. Akasema atakwenda kuwaambia huko Legiko wachimbe mabwawa kwanza, ndipo waje wahesabu mifugo, kwa maana ng'ombe hamalizi majani, anamaliza njia ya kwenda majini na kurudi. Na kazi ya kuchimba matuta, mama mwenye mtoto mgongoni asilazimishwe. Na kura, kila mtu mzima apewe moja, bila kupimwa.

"Hata wanawake?" akauliza chifu, akitabasamu.

"Kwani hao matuta wanachimba robo?"

Tima akapiga sufuria kwa kijiko. Hakuwa amekubali, alipenda tu jibu.

Nikaona ni wakati. Nilisimama.

"Nina swali."

Wanaume wakageuka. Mmoja wao akasema, "Wewe msichana una kura?"

"Sina. Nimetumwa na mwenye nazo mbili."

Walicheka sana hata mbuzi wakashtuka. Ndululu hakucheka. Akavua kofia.

"Sema, dada yangu."

"Mikia ya ng'ombe wa Kanyangi ilikwenda wapi?"

Nilimwangalia kama nilivyotumwa. Kwanza uso wake uligeukia kwa chifu, kama mtu anayetafuta mlango. Chifu akaangalia juu. Kisha Ndululu akamgeukia Tima, akakuta meno tu. Ndipo akarudi kwangu.

"Niliikata mimi," akasema.

Akaiweka kofia yake kitini.

"Si kwa kisu. Lakini ni mimi. Ile dawa ni ugonjwa wenyewe uliofanywa mdogo. Unauweka mwisho kabisa wa mkia, mbali na mapafu, mwili ujifunze kupigana nao huko mbali. Nilifundishwa hivyo, vidole vitatu kutoka ncha. Lakini ncha inarushwa. Unaifuata hivi, inakwenda hivi. Na miguu ya nyuma iko hapo hapo inakungoja." Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika mkia usiokuwapo, na wa kulia una sindano isiyokuwapo. "Mwaka huo ndio mwanzo wangu wa kuchanja ng'ombe peke yangu. Niliogopa mateke. Nikawa nashika juu, hapa penye nene, mahali ambapo hapatikisiki. Nikachoma hapo. Dawa ikala mkia wote."

"Aiya!" akasema Tima. "Bwana mkubwa wa Legiko anaogopa teke!"

"Nilikuwa naogopa, mama. Sasa nimepigwa ya kutosha."

Wengine walicheka, lakini kicheko kilikuwa kimebadilika. Nikamuuliza tena, kwa kuwa nilikuwa nimesimama tayari, "Na hao waliopoteza mikia, ugonjwa uliwarudia?"

"Haukuwarudia. Walioumwa na kupona, hao ndio wazima kuliko wote. Nzi tu ndio waliopata faida." Kisha akaniuliza, "Aliyekutuma ni nani?"

"Sajenti Mutiso."

Sasa hapa ndipo nitakapoeleza kile nilichokiona, kwa sababu ndicho nilichotumwa.

Nilipotaja jina, uso wake ulifunguka. Alikumbuka. Akasema, "Mutiso. Ng'ombe wake mimi sikuwahi kuwaona..." na mdomo wake ukabaki wazi kwa neno linalofuata.

Mimi nililijua neno hilo. Nilikuwa mtoto mwaka ule wa sindano, lakini nilikuwa macho alfajiri Baba alipowatoa ng'ombe kwenda kwenye vichaka vya kuelekea mto Athi, kengele zao zimejazwa majani zisilie. Hawakuchanjwa. Huko vichakani walikutana na wengine waliofichwa, na wakafa huko, mmoja akimwambukiza mwingine. Sikuwahi kumwambia mtu.

Na Ndululu alijua. Uwanja mzima ulikuwa unangoja. Angesema neno moja tu, watu wangecheka mpaka jioni, na ubaya wote wa mikia ungehamia kwa Baba yangu. Kura zilikuwa hapo chini, za kuokota.

Alifunga mdomo. Akavaa kofia yake.

"Mwambie namsalimu," akasema. Kisha akamgeukia mwingine, "Swali lingine?"

Nilirudi nyumbani polepole. Njiani nilikuwa na mambo mawili mkononi, na sikujua nimpe Baba lipi. Nikimwambia Ndululu amekiri habari ya mikia, labda Baba angewakubali ng'ombe wa kina Mulei siku hiyohiyo, maana sasa ilijulikana si wagonjwa. Lakini nikimwambia lile la mdomo uliofungwa, nitakuwa nimemwambia pia kwamba najua habari ya kengele. Baba mwenye hasira angeweza kumfukuza Mulei na mbuzi wake wa uongo milele.

Wanaume walikuwa wamenitangulia. Niliwakuta wanamsimulia Baba mizani na karantini, na teke, wakigonga mapaja. Alingoja mpaka wakaondoka.

"Haya. Uliona nini?"

Nikamwambia habari ya jicho la ng'ombe, na ya mkia usiokuwapo, na kwamba vidole vyake havikutetemeka alipoonyesha alivyoogopa. Yeye akangoja. Baba alikuwa anaweza kungoja kuliko mimi.

"Aliuliza nimetumwa na nani. Nikakutaja wewe. Akasema ng'ombe wako hakuwahi kuwaona."

Mikono ya Baba ikasimama juu ya fimbo.

"Halafu?"

"Halafu akafunga mdomo."

"Watu walikuwa wengi?"

"Uwanja ulijaa."

"Na hakusema."

"Hakusema. Alisema anakusalimu."

Baba akageuza uso kuelekea zizi letu, ambalo lilikuwa tupu na ambalo hakuweza kuliona. Kuku wakapita katikati ya miguu yake.

"Wewe ulikuwa macho alfajiri ile," akasema. Halikuwa swali.

"Nilikuwa macho, Baba."

"Na wewe hukusema."

Alivua koti la jeshi, akalikunja, akanipa nikaliweke.

Siku ya kura nilimpeleka kwa mkono mpaka shuleni, shule ileile niliyoacha, na karani akamwingiza ndani. Alipotoka nikamuuliza amempa nani. Akasema kura ni siri, ndiyo maana wameweka pazia, na kama ningetakiwa kujua wangeweka dirisha. Ndululu hakushinda. Alishindwa na mtu aliyesoma zaidi, na nasikia alirudi Nunguni akaanza kununua na kuuza ngozi. Baiskeli yake sijui kama ilipata breki.

Lakini kabla matokeo hayajafika, Baba alimwita Mulei, ambaye alikuwa nyuma ya ua anatafuta mbuzi.

"Waambie wa kwenu walete ng'ombe," akamwambia. "Wale wale."

"Wale wale, Mzee?"

"Ukinibadilishia nitajua."

Wakaletwa. Baba aliwapapasa tena mbele ya wageni, kichwa, nundu, mgongo, akishuka taratibu mpaka nyuma kabisa. Wa tatu alipoguswa alirusha teke, na Baba akaruka kando kama kijana. Yeye akarudi, akashika kile kipande kifupi kwa mkono mzima, akakikamata imara, na akaanza kucheka peke yake.

"Ni kweli," akasema. "Hapa ndipo pa kushika."