Vioo Darini

Walimwita Mama Vioo, na wala hawakuwa wanamsifu. Pale kazini kila mtu alikuwa na kompyuta. Yeye alitembea na mkebe wa gundi na vipande vyembamba vya kioo, akivibandika juu ya nyufa za handaki la zamani la treni. Ufa ukitanuka hata kwa upana wa unywele, kioo kinapasuka. Basi. Hakihitaji umeme wala semina.

Handaki jipya lilikuwa linachimbwa kwa mashine chini ya lile la zamani, na treni za juu zilipita kama kawaida. Mkuu wa uchimbaji alifunga vipimo vyake vya kisasa sakafuni, katikati ya reli, maana aliamini hatari ikija itatoka chini. Mama Vioo alijua kwamba dari ni tao la matofali, na tao likilegea miguu, mpasuko hutokea juu. Akapanda ngazi, akabandika hadi darini. Mkuu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, unapamba ukumbi wa harusi?"

Saa nne asubuhi kioo kimoja cha darini kikapasuka. Cha pili kikafuata. Kompyuta zikaendelea kuonyesha kijani, hazina habari. Na treni ya saa nne na nusu ilikuwa inaendeshwa na mumewe. Akanyakua redio ya mkononi.

"Simamisheni mashine! Na treni zizuieni!"

"Nani kakupa ruhusa?" Mkuu alifoka. "Ukiwa umekosea, kesho usije kazini."

"Nikiwa nimekosea nitakaa nyumbani. Simamisha!"

Mkuu akasimamisha, akaja mbio amevimba kwa hasira. Akapanda ngazi, akagusa pale. Tofali likamng'okea mkononi kama jino bovu. Akashuka taratibu, akaamuru treni zote zizuiwe.

Siku tatu walisukumia uji wa saruji nyuma ya matofali, naye akabandika vioo vipya. Siku ya nne mashine ikapita chini yao. Sakafu ilitetemeka, lakini vioo vyote vikabaki vizima. Mkuu akashika redio, kila mtu akisikia.

"Tumepita! Nilimcheka huyu mama, kumbe mjinga ni mimi. Kuanzia leo mashine haisogei mpaka yeye aseme."

Mama Vioo alifurahi, we acha tu! Alasiri treni ya kwanza ikaja polepole, dereva akachungulia dirishani.

"Mke wangu, nipite?"

"Pita, baba watoto."

Akapita, na nyuma yake abiria mia tano, wengine wakisinzia, wengine wakichezea simu.