Mpenda Kiini

Mjumbe hauawi, wanasema. Hauawi, lakini anafukuzwa. Nimekuwa mshenga wa vijana wengi hapa Iringa, na mwaka ule wa hamsini na sita ndipo nilipotolewa nje kwa mara ya kwanza, nyumbani kwa Mzee Silvester, pombe yangu ya ulanzi ikiwa bado nusu kikombe.

Chanzo ni Kasian, mwalimu wa kemia aliyerudi kutoka Makerere na maneno ya kemia aliyojitungia mwenyewe kwa Kiswahili. Mimi nikayabeba kama yalivyo.

"Kijana wetu ni mwalimu," nilimwambia Silvester, aliyekaa na kaka zake wawili. "Anapima nguvu za wapenda kiini."

"Wapenda nini?"

"Kiini."

"Kiinimacho!" akadakia kaka mkubwa. "Marcelino, binti yetu umemletea mtu wa mazingaombwe?"

Hapo ndipo nilipoonyeshwa mlango. Evarista, binti mwenyewe, alinifuata hadi barabarani akilia. Karani mmoja wa Mbeya alikuwa ameshaleta posa, na baba yake angemjibu Jumapili. "Mjomba, mimi nampenda Kasian. Nisaidie." Nilimwonea huruma mpaka hasira zikanipanda upya. Nikarudi, nikamwambia Silvester kama kweli ni mwanamume aje shuleni ayaone hayo mazingaombwe kwa macho yake.

Wakaja wote watatu, Evarista nyuma yao.

"Kamwene, wazee," Kasian aliwasalimu kwa Kihehe. Mezani palikuwa na vichupa vitatu, maji yake meupe yasiyo na tofauti machoni. "Kila kitu kina kiini chake. Chembe za dawa hii zinapenda kukikimbilia kiini na kukishika. Mimi napima kwa saa tu, zinakishika upesi kiasi gani."

Akatia dawa. Kichupa cha kwanza kikachafuka papo hapo, kizito kama uji. Cha pili kilichelewa. Silvester alivuta kiko chake hadi kikazimika ndipo ukungu ukaanza. Cha tatu kikabaki vile vile.

"Hicho kimeharibika," akasema kaka mkubwa.

"Hapana, mzee. Dawa ni ile ile, na inapenda vile vile. Ila kiini cha humu kimezungukwa na chembe nyingine, ndugu watatu wanene, kimesongwa pande zote. Anayekipenda hana pa kupita."

"Kumbe kosa si la dawa," alisema Silvester polepole.

"Si la dawa, mzee."

Kutoka nyuma ya migongo ya wale watatu ikasikika sauti ya Evarista, ndogo lakini haikutetemeka.

"Baba, na mimi ni kichupa kipi?"

Silvester aligeuka. Akawatazama kaka zake waliobanana naye bega kwa bega, kisha akamtafuta binti yake kwa nyuma. Macho yake yalikuwa yamelowa, nami nilimpenda mzee yule kwa mara ya kwanza.

"Kaka zangu," akasema, "hebu sogeeni kidogo. Mtoto apite."